Kabla hujaanza mazoezi ya irabu za Kiingereza

Tafuta kwanza kamusi yenye alama za matamshi. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina herufi yake. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na herufi ni zile zile tano. Tahajia itakupoteza: "blood", "food" na "good" zote zina "oo", lakini kila moja ina sauti yake.

Amua pia utafuata lafudhi ipi. Wamarekani wengi hutamka "cot" na "caught" sawasawa, Waingereza wengi hawafanyi hivyo. Ukichanganya rekodi za pande zote mbili, utahangaika kusaka tofauti ambayo msemaji mwenyewe hana.

Halafu chagua jozi chache za maneno yanayotofautiana kwa irabu tu. Mimi ningeanza na "ship" na "sheep", maana wengi wetu huyatamka yote mawili kwa "i" yetu. Utaambiwa moja ni fupi na jingine refu. Ni kweli, ila si kweli yote, kwani urefu hutegemea pia konsonanti inayofuata: irabu ya "beat", ambayo ni ile ya "sheep", hukatwa mapema kiasi cha kukaribiana kwa urefu na ya "bid", ambayo ni ile ya "ship". Sikiliza sauti yenyewe. Kwenye "sheep" ulimi hupanda juu na kusogea mbele, midomo ikitanuka. Kwenye "ship" hushuka kidogo, hurudi nyuma kidogo, na kinywa hulegea. Kioo hakitakuonesha mengi hapo. Kitakufaa zaidi kwa "bed" na "bad", ambapo taya hushuka waziwazi kwenye "bad".

"Cat", "cut" na "cart", ambazo zote huangukia kwenye "a" yetu, ziweke akiba.

Usikimbilie kutamka. Andika jozi yako kwenye karatasi, mtu anayezitofautisha vizuri akusomee neno moja moja bila mpangilio, nawe uoneshe kwa kidole ulilosikia. Tumia na rekodi za wasemaji mbalimbali, la sivyo utazoea sauti ya mtu mmoja tu. Kama bado unabahatisha, endelea kusikiliza.

Mwisho, andaa simu ya kujirekodi. Changanya maneno, weka orodha ya mpangilio wake kando, kisha sikiliza kesho yake ukiandika unachosikia kabla ya kuitazama orodha. Leo bado unakumbuka ulichokusudia kusema, na sikio litakupendelea.