SOMO: Namna ya kuchagua nyimbo za gitaa ambazo watu wataimba pamoja nawe (moto wa kambi na sherehe za nyumbani)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Desemba, ndugu wakianza kurudi Moshi kwa ajili ya Krismasi, napokea swali lile lile: "Nina gitaa, usiku tutakaa motoni, nipige nyimbo gani?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hadi nje ya kanisa baada ya ibada. Sasa naliandika lote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

Hapa nazungumzia kuimba pamoja. Kama unataka watu wanyamaze wakusikilize wewe, hilo ni somo jingine na nyimbo zake ni nyingine. Wimbo wa motoni ni mali ya waliokaa kwenye duara. Mwenye gitaa anawashikia tu.

Hatua ya 1: Jua nani atakuwepo

Kipaimara cha mtoto wa dada yako kule Machame na usiku wa vijana kando ya Ziwa Duluti ni watu tofauti kabisa. Uliza mapema: wazee wangapi, vijana wangapi, ni wa kwaya au si wa kwaya, kuna dini zaidi ya moja? Familia nyingi za huku zina Wakristo na Waislamu meza moja, na pambio linalowafurahisha nusu ya watu huwaacha nusu nyingine wakitazama moto. Weka pambio kama umealikwa na watu wa pambio.

Hatua ya 2: Chagua kwa kiitikio, achana na beti

Mtu wa kawaida hajui beti. Anajua kiitikio na mstari wa kwanza, basi. Kwa hiyo jipime hivi: mwambie mtu wa nyumbani kwako, asiye mwanamuziki, akuimbie kiitikio cha wimbo huo bila gitaa na bila simu. Akikwama, ufute. Haijalishi unaupenda kiasi gani.

Zinazopita mtihani huu huwa za makundi matatu. Kuna za shule ya msingi: "Tazama Ramani" anaijua dereva, daktari na bibi wa sokoni, maana wote waliiimba mstarini. Kuna zilipendwa ambazo redio haijaacha kuzipiga. "Malaika", iliyovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya na baadaye Miriam Makeba, bado inaimbwa na watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa. Halafu kuna bongo fleva ya miaka ya 2000 mwanzoni, kwa waliokuwa sekondari wakati huo. Wimbo uliotoka mwezi jana uache kwanza. Watu wanaucheza, lakini kuuimba wote pamoja bado.

Hatua ya 3: Kodi za gitaa zisizidi nne

Kodi ni sauti kadhaa zikipigwa pamoja. G, C, D na Em zinakutosha usiku mzima.

Hatua ya 4: Kii, yaani sauti ambayo wimbo unatulia, ndiyo inayoamua wimbo uwe juu au chini. Hapa tafadhali soma polepole

Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo karibu kila mpigaji anaharibu.

Krismasi moja tulikuwa kwa baba mkubwa, Kibosho. Ndafu imeshaliwa, moto umekolea, ndugu kama arobaini. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki tatu, nyimbo zote katika kii ya kwenye rekodi. Wimbo wa kwanza ulikuwa kii ya C. Mimi ni teno, sauti ya juu ya kiume, sikuona shida yoyote. Beti nikaimba, watu wakanifuata kidogo. Kilipofika kiitikio, sauti ikapanda hadi G, wakaacha. Akina baba wakaishia njiani, akina mama wakabaki wanapiga makofi, mimi nikaendelea peke yangu. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Nikadhani hawazijui.

Kabla sijaanza wa tatu, shangazi zangu wawili wakaanzisha wimbo ule ule wa kwanza, bila gitaa. Watu wote arobaini wakaimba, beti na kiitikio, hadi majirani wakasogea. Nikagusa nyuzi taratibu kutafuta wako wapi. Walikuwa G, kii iliyo chini ya ile yangu kwa nusu sauti tano (nusu sauti ni hatua ya freti moja, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa). Wimbo waliujua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeuweka mahali wasipofika.

Tangu siku ile nafanya hivi:

Tafuta sauti ya juu kabisa katika kiitikio. Kwa mwanamume asiyefanya mazoezi ya kuimba, isivuke D, yaani uzi wa pili (nyuzi tunahesabu kuanzia ule mwembamba), freti ya 3. Akichangamka ataigusa E, uzi wa kwanza ukiwa wazi, kwa neno moja, lakini hawezi kukaa pale. Chini asishuke zaidi ya A, uzi wa tano ukiwa wazi. Wanawake na watoto wataimba sauti hizo hizo oktavu moja juu (do ya chini hadi do ya juu), wala huna haja ya kuwaambia.

Mfano. Wimbo uko kii ya C na sauti yake ya juu ni sol (ya tano katika do-re-mi), yaani G. Ni juu mno. Uhamishie kii ya G. Sasa sol imekuwa D, na kila mtu anafika. Kabla hujaridhika, hakikisha na sauti ya chini haijazama.

Kuhusu kapo: ni kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja. Kodi za G ukiweka kapo freti ya 2 unapata kii ya A, freti ya 3 unapata B flati. Inapandisha tu, haishushi. Kama unahitaji kushuka na vidole vyako vimezoea kodi zile zile, legeza nyuzi zote sita kwa nusu sauti au sauti nzima, na ufanye hivyo nyumbani, usiwasubirishe watu motoni.

TAHADHARI: usijipime kii ukiwa peke yako chumbani. Peke yako unaimba kwa sauti ya juu na unafurahi. Jipime na mama, au mjomba asiyeimba kwaya. Njia bora kuliko zote ni kumwomba mmoja wao auanzishe mwenyewe, wewe utafute kii yake. Nimefanya hivyo mara nyingi, na karibu kila mara wanaanza chini ya rekodi.

TAHADHARI nyingine: saa mbili usiku na saa sita usiku si sauti zile zile. Watu wameshachoka, wamekula moshi, wengine wameshakunywa mbege. Nyimbo za mwisho zishushe tena nusu sauti au sauti nzima.

Hatua ya 5: Mpangilio

Nyimbo 12 zinatosha saa moja na nusu, maana kiitikio kitarudiwa kuliko ulivyopanga. Anza na unaojulikana kuliko zote, na uanze na kiitikio chake kabla ya ubeti. Za kasi ziwe katikati, za taratibu mwishoni moto ukibaki makaa. Mtu akianzisha wimbo wake nje ya orodha yako, acha orodha umfuate.

Hatua ya 6: Gitaa na moto

Joto hurefusha nyuzi za chuma, gitaa linashuka sauti, na ukirudi nyuma kwenye baridi linapanda tena. Kwa hiyo likae mbali na moto, na mahali utakapokaa ndipo utyuni, yaani uziweke nyuzi kwenye sauti zake. Arusha Juni na Julai, litoe kwenye mfuko robo saa kabla lizoee baridi. Na usiliache kwenye gari mchana jua la Moshi likiwaka. Gundi inalegea na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, linaweza kung'oka.

Hatua ya 7: Beba nyuzi za akiba, hasa uzi wa kwanza.

Maswali karibuni.

---

MAONI

Kijana_wa_Sakina: Mkuu somo zuri. Naomba unitumie nyimbo 50 na kodi zake kwenye WhatsApp.

Mwandishi: Soma hatua ya 2. Orodha yangu ni ya watu wangu.

Kijana_wa_Sakina: Basi hata 20 tu mkuu.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Mpiga_Solo: Mimi napiga kii ya rekodi miaka yote na watu wanafurahi. Kushusha kunaua wimbo. Labda wewe ndiye huna sauti.

Mwandishi: Nimeandika kwamba C haikunipa shida. Shida ilikuwa kwa watu arobaini. Safari ijayo fika kwenye kiitikio, nyamaza, endelea na gitaa tu. Ukisikia wanaimba bila wewe, endelea na kii yako. Ukisikia gitaa peke yake, rudi usome hatua ya 4.

Teno_Marangu: Shikamoo kaka. Sisi wa kwaya tunasoma do-re-mi, kodi ndiyo tunaanza kujifunza. Kuna njia ya kutafuta kii kwa solfa bila kuhangaika na majina ya freti?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, wewe una njia fupi kuliko sisi wengine. Imba kiitikio kwa solfa, ujue sauti ya juu kabisa ni ipi. Halafu uliza: nikiita sauti hiyo D, do yangu itakuwa wapi? Ikiwa ya juu ni sol, do ni G. Ikiwa ni la, do ni F, na hapo unapiga kodi za E ukiwa na kapo freti ya 1, au unaushusha hadi E kabisa ubaki na nafasi. Ikiwa ni do ya juu, basi kii ni D yenyewe. Ikiwa ni mi, do ni B flati: kodi za G, kapo freti ya 3. Andika hizo nne ubandike ndani ya mfuko wa gitaa. Nyimbo nyingi za kuimba pamoja zinaangukia hapo.

Teno_Marangu: Nimeelewa kabisa. Na tukiwa na besi na alto wanaotaka kuweka sauti zao?

Mwandishi: Waache, ndiyo utamu wenyewe. Ila waambie ubeti wa kwanza wote waimbe sauti ya kwanza, ili wageni waushike wimbo. Kuanzia ubeti wa pili wajipange.

Mama_Njiro: Kaka, mimi ni mwanamke na ndiye ninayepiga nyumbani. Nikiimba chini ninapopapenda, mume wangu na shemeji zangu wananguruma mpaka wanaacha. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Dada, hujakosea kupiga, umeuweka wimbo chini mno kwao. Wewe ukishuka hadi E iliyo chini ya A ya uzi wa tatu freti ya 2, wao wako oktavu moja chini yako, pale kwenye uzi wa sita ukiwa wazi, na wanaume wengi hawana sauti pale. Panda hadi sauti yako ya chini kabisa iwe hiyo A. Kiitikio kitakupeleka kwenye sauti nyepesi ya kichwani. Usiiogope, kwenye kundi haisikiki kuwa nyembamba. Ukiona kinakuchosha, mpe mmoja wao aongoze beti, wewe ushike kiitikio.

Mama_Njiro: Jana nimejaribu, kapo freti ya 3. Shemeji ameimba wimbo mzima. Asante sana.

Mwandishi: Nimefurahi mno dada. Huyo shemeji mpe wimbo aanzishe yeye wiki ijayo.

Bob_Kijenge: Kapo ndo nini?

Mwandishi: Iko hatua ya 4.

Mgumu_wa_Kibo: Mimi ni mpagazi mlimani. Wageni wanapenda tukiimba, lakini jioni wanaomba wimbo wa kwao nao waimbe. Gitaa letu ni dogo, kodi najua tatu.

Mwandishi: Heshima yako mkuu. Wa kwetu endeleeni na "Jambo Bwana" mnavyoibadilisha maneno huko mlimani. Them Mushrooms waliitoa 1982, na inakwenda kwa kodi tatu hizo hizo. Wa kwao, ongeza Em tu upige "Stand by Me" ya Ben E. King, ya 1961. Mzunguko ni mmoja mwanzo hadi mwisho: G mapigo 8, Em mapigo 8, C mapigo 4, D mapigo 4, G mapigo 8. Mmarekani, Mjerumani, Mjapani, karibu kila mtu ana kiitikio chake kichwani. Na huko juu mtu anahema, kwa hiyo ishushe kii na upunguze kasi.

Fundi_Seremala: Nyongeza yangu: chupa ya soda na kijiko, ndoo tupu iliyopinduliwa. Asiyeimba atapiga.

Mwandishi: Sahihi kabisa. Ndoo mpe mtu mmoja mwenye mapigo imara, msizidi ndoo moja.

Mama_Njiro: Na kuni ziwe kavu. Kuni mbichi moshi wake unakausha koo, wimbo wa nne watu wanakohoa tu.

Mwandishi: Kweli dada. Waimbaji wakae upande upepo unakotokea.

Mjukuu_Rombo: Babu yangu ana nyimbo za Kichaga ambazo sijawahi kuzisikia redioni. Anaziimba mwenyewe akiota moto. Naweza kuzipigia gitaa bila kuziharibu?

Mwandishi: Swali hili nimelipenda kuliko yote. Usianze na kodi. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, akiimba na makofi yake. Usikilize mara nyingi hadi uweze kuimba naye bila gitaa. Siku ya kwanza ukichukua gitaa, tafuta sauti moja ambayo wimbo unarudi kutulia, upige uzi wa besi wa sauti hiyo tu, ufuate makofi yake. Nyimbo nyingi za wazee hazihitaji zaidi ya kodi mbili, na nyingine hazitaki hata moja. Akipunguza mwendo, punguza naye. Akibadilisha maneno, usimsahihishe. Mwulize pia wimbo ulikuwa wa kazi gani, wa kulima, wa harusi au wa kubembeleza mtoto, maana hapo utajua kasi yake. Ukirudi tuambie babu anauanzia kii gani.