Kigaga Kinawasha, Kidole Hakitulii: Namna ya Kuacha Kukitonesha Kidonda

Mtu akianguka na bodaboda au akichubuliwa na matumbawe ufukweni Bagamoyo, kidonda chake kidogo hufanya kigaga baada ya siku moja au mbili. Tabu huja kigaga kikishakauka: kinavuta, kinawasha, na pembeni kinaanza kunyanyuka. Kidole kikishaugusa ule ukingo, hakibanduki.

Ukingo hunyanyuka kwa sababu ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati. Pembeni pameshapona, lakini katikati kigaga bado kimeshikamana na nyama mbichi. Ukivuta kipande kilicholegea, unang'oa pamoja na ile ngozi changa iliyo chini yake. Damu inatoka, kucha zinaingiza vijidudu, na kidonda kinarudi nyuma siku kadhaa. Ngozi nyeusi hulipa zaidi, kwani alama huweza kukaa miezi mingi. Wengine huota kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda, hasa kifuani, mabegani na masikioni.

Kujikaza peke yake hakufui dafu. Mkono huenda wenyewe ukiwa kwenye daladala au mbele ya televisheni. Ondoa kinachouita: ukavu na ukingo.

Kila siku nawa mikono, kisha osha kidonda kwa maji safi na sabuni isiyo kali, bila kusugua. Kikaushe kwa kukigusagusa na kitambaa safi. Paka mafuta ya mgando, utando mwembamba tu wa kung'aa, halafu funika kwa plasta au gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Kigaga kilicholainika hakiwashi sana, na ukucha haupati pa kushika. Ule ushauri wa "kiache kipigwe upepo kikauke" ni wa kuachwa: mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa wazi.

Joto la pwani lina vurugu zake. Jasho hulegeza plasta, na plasta iliyolowa huifanya ngozi iwe nyeupe na yenye mikunjo kama vidole vya aliyefua kutwa nzima. Ikilowa, ibadilishe hapo hapo. Ikigandia kigaga, ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuitoa.

Ukingo ukikwama kwenye nguo, chukua mkasi mdogo uliofutwa kwa spiriti, ukate kile kinachoning'inia tu. Usivute hata kidogo.

Hamu ikija, bonyeza kiganja juu ya plasta, au weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika tano hadi kumi. Kata kucha ziwe fupi. Ipe mikono kazi ya kuishughulisha yote miwili: kusuka ukili, kumenya karanga, kuchambua mchele. Mtoto anayejikuna usingizini avalishwe suruali ndefu, au soksi mikononi.

Unga wa kapsuli za antibayotiki, dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa visiguse kidonda. Unga huganda ukawa gamba jingine la kubandua, na vingine huunguza au huleta uchafu. Baharini usiingie mpaka ngozi ifunge. Mvuvi asiye na budi avae plasta isiyopitisha maji, na akitoka ajisuuze kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi.

Umeshakibandua? Kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kufunua kuchungulia, kisha osha, paka mafuta, funika.

Nenda kituo cha afya ukiona usaha, uvimbe, joto, wekundu au weusi unaotanuka kuzunguka kidonda, homa au mtoki. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo, hasa kidonda kikiwa mguuni. Kidonda kilichoingia mchanga au udongo kinahitaji kuulizia chanjo ya pepopunda, kama ya mwisho ina zaidi ya miaka mitano. Na anayebandua hata ngozi nzima, miezi kwa miezi, akashindwa kuacha, amwambie daktari hivyo hivyo waziwazi. Hali hiyo inajulikana na ina tiba, na hakuna haja ya kuificha kwa mikono mirefu ya shati.