Kukusanya noti za benki za miji midogo ya Marekani

Anayetaka kukusanya noti hizi ajizoeze kusoma jina la mji kabla ya kutazama umri wa noti au dola zilizoandikwa. Kati ya mwaka 1863 na 1935, benki binafsi zilizopewa hati (kibali cha kuendesha benki) na serikali kuu ya Marekani ziliweka hatifungani za serikali Hazina, nazo zikapewa noti zenye jina la benki, mji na jimbo lake. Sheria ya mwaka 1900 iliruhusu mtaji wa dola 25,000 tu kwa benki za miji isiyozidi wakazi 3,000, na benki za namna hiyo zikachipuka hata katika vijiji vya wakulima. Zilitoa noti chache, na nyingi kati ya hizo zilirudishwa Hazina zikateketezwa. Ndiyo maana noti mbili za dola 10 zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa mji zaweza kupishana bei mno.

Kisha tafuta namba ya hati ya benki. Majina kama First National Bank yalitumiwa na mamia ya benki, lakini namba ni ya benki moja tu; namba 1 ilikuwa ya Philadelphia. Kwa namba hiyo, chunguza katika kumbukumbu za minada ni noti ngapi za benki hiyo zimewahi kuonekana.

Nashauri kuanza na toleo la mwaka 1929, lenye noti ndogo na muhuri wa kahawia, kwa kuwa noti zake ni nyingi na makosa hayagharimu sana. Hata hivyo, utamu wenyewe umo katika noti kubwa za kabla yake, zenye urefu wa milimita 187 hivi, ambazo rais wa benki na keshia mara nyingi walizitia saini kwa kalamu. Wino huo hufifia, na wapo wanaoupitishia kalamu upya ili kupandisha bei: ikague saini kwa lenzi, chini ya mwanga wa ubavuni.

Usiioshe noti, usiipige pasi wala kuibandika gundi. Ihifadhi gizani katika mfuko wa plastiki ya poliesta, si wa plastiki ya PVC, ambayo huharibu karatasi, na maelezo ya ununuzi yaandike kwenye kadi ya pembeni.