Kupima kama wafanyakazi wa wodi wanaogopa kusema penye kosa

Kabla hujaprinti fomu hata moja ya maswali, amua nani atazikusanya, na asiwe inchaji wa wodi. Kuna hospitali moja hapa Nairobi niliona matroni akipita na bahasha ya kaki anachukua fomu moja moja huku anazisoma, majibu yakatoka safi kabisa, ati wodi nzima hakuna kitu huharibika, alafu jioni kwa steji tukingoja mathree hao hao wakaanza stori ya dawa iliyoenda kitanda cha jirani. Weka sanduku lenye kufuli pale watu wanakunywia chai, usiulize jina wala namba ya kazi. Wodi ikiwa na watu watatu wanne iunganishe na nyingine, juu "nesi wa kiume, miaka 9 kazini, shifti ya usiku" hiyo ni jina lake tu umeandika.

Maswali usijitungie. Hojaji ya AHRQ, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa ubora wa huduma za afya, ni ya bure, ilitoka 2004, toleo la pili likaja 2019 na lina mada 10: kupokezana wagonjwa, uhaba wa watu, kuongea wazi, vile makosa huchukuliwa, na zingine. Wasafishaji na wale wa kusukuma stretcha pia wapewe, kwa Kiswahili, na mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza uone kama maana imebaki. (Kama ni utafiti wa chuo, kwanza pata kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayotoa leseni za utafiti.)

Kuhesabu ndio watu huchanganyikiwa. Kila swali la kukubali au kukataa, chukua waliokubali na waliokubali kabisa, gawanya kwa waliojibu, "sijui" usihesabu. Lakini sentensi zingine zimegeuzwa, mfano ya kusema ukikosea hapa unashikiliwa kosa lako, hapo anayekataa ndiye jibu zuri, ukisahau hii kila kitu kinapinduka. 75% kwenda juu mko sawa, 50% kushuka kuna kazi. Toa hesabu ya kila wodi kivyake, juu wastani wa hospitali nzima utaficha thieta yenye shida nyuma ya kliniki ya macho iliyo sawa.

Alafu angalia swali la umeripoti matukio mangapi miezi 12 iliyopita. Wengi wakisema sufuri mkubwa atafurahi, wewe usifurahi, linganisha na lile swali la kushikiliwa kosa, uone kama ni uoga.

Majibu yarudishe palepale kwa chai, mapema, pamoja na kitu kimoja mtabadilisha wakione, labda kupokezana shifti kandokando ya kitanda badala ya koridoo, ndio mwaka ujao ukileta fomu wazijaze.