SOMO: Kikokotoo cha mkopo kwa lugha ya C kinatoa nan (yaani "si namba") au namba za ajabu

Kabla ya kugusa msimbo, shika jibu la kupimia. Mkopo wa shilingi 1,000,000, riba 18% kwa mwaka juu ya salio linalopungua, miezi 12: rejesho ni 91,679.99 kila mwezi. Programu isipotoa hiyo bado ina kosa, hata kama imekompaili bila kelele.

1. Kompaili hivi

`gcc -Wall -Wextra mkopo.c -o mkopo -lm`

Ukiona `undefined reference to 'pow'`, umesahau `-lm` (inayounganisha maktaba ya hesabu) au umeitanguliza kabla ya jina la faili. Ikae mwisho. Makosa yakiwa mengi, rekebisha la kwanza tu, kompaili tena; mabano moja yasiyofungwa huzaa mengine yote.

2. Kusoma namba

`double mkopo;`
`scanf("%lf", &mkopo);`

Ukiweka `%f`, zinaandikwa baiti 4 kwenye nafasi ya baiti 8, nawe unapata takataka. Ukisahau `&`, mara nyingi programu inaanguka hapohapo. Kwenye `printf`, `%.2f` inatosha.

3. Riba ya mwezi

Hapa ndipo wengi wanapokwama.

`int riba = 18;`
`double r = riba / 100 / 12;`

Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali zinatupwa: 18/100 ni 0. Kuitangaza `r` kuwa double hakuokoi kitu, maana mgawanyo umeshafanyika kabla jibu halijaingia humo. Kisha kanuni inakuwa 0/0, na hiyo ndiyo nan yako. Andika `riba / 100.0 / 12`.

4. Kanuni yenyewe

`rejesho = mkopo * r / (1 - pow(1 + r, -miezi));`

Weka `#include <math.h>` juu. Alama `^` katika C si ya kipeo, ni ya biti. Kwa double kompaila inaikataa. Ukipata 14999.16, umeacha mabano ya nje. Riba ikiwa 0, tenga njia yake: `mkopo / miezi`.

MASWALI

Mkuu, naandika 1,000,000 halafu programu haisubiri niweke riba. Shida nini?
Mkato. `scanf` inasoma 1, inakomea kwenye mkato, na usomaji unaofuata unagonga mkato huohuo na kushindwa. Andika 1000000, na hakikisha kila `scanf` imerudisha 1.

Mkopeshaji wangu anasema rejesho ni 98,333.33. Nani kakosea?
Hakuna. Yeye anatoza 18% juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza: 1,180,000 gawanya kwa 12. Kwa hesabu ya salio linalopungua, jumla ni 1,100,159.88. Tofauti ni karibu 80,000, kwa hiyo muulize aina ya riba kabla ya kusaini.

Jedwali langu linabakiza senti kadhaa mwezi wa 12.
Ni ukadiriaji wa desimali mbili. Mwezi wa mwisho usitumie `rejesho`. Lipa salio lililobaki pamoja na riba yake.