Kufunga taa ya UV kwenye AC ya nyumbani

Watu wa Kampala na Entebbe, kama AC yako ikiwashwa tu inatoa harufu ya uvundo, mara nyingi ni ukungu umeota kwenye koili ya ndani (mabomba ya kupozea hewa), maana pale hapakauki. Taa ya UV-C (ya miale ya urujuanimno inayoua ukungu) inasaidia, lakini osha koili na trei ya maji kwanza, uchafu ulioganda taa haiutoi.

Nunua ya urefu wa wimbi nanomita 254 isiyotoa ozoni (gesi hiyo inakera mapafu bwana) na iwe ya volti 240. Zima umeme kwenye breka, sio kwa rimoti tu, halafu ifunge imulike koili yenyewe, mbali na waya na plastiki kwa sababu UV inazila taratibu mpaka zinapasuka. Balbu usiishike kwa vidole vitupu. Mwambie fundi aweke swichi ya kuizima mfuniko ukifunguliwa, mwanga huo unaunguza macho na ngozi, usiuchungulie hata kidogo.

AC ndogo za ukutani nafasi ni finyu, mwanga ukivuja chumbani achana nayo, osha tu. Filta nayo endelea kusafisha, vumbi la maramu (udongo mwekundu wa barabarani) taa hailiwezi. Balbu badilisha baada ya saa 9,000 hivi, yaani kama mwaka ikiwaka usiku na mchana, hata kama bado inawaka bluu vizuri, nguvu imeshaisha.