Jinsi ya Kusifu Kitabu Kilichokuchekesha

Kibanda changu cha vitabu kiko Kisumu, karibu na steji ya mabasi. Wateja wangu wengi ni watu walio safarini: wanaopanda gari la Busia, wanaoshuka kutoka Nakuru, wanafunzi wenye masanduku wiki ya kufungua shule. Vitabu ninavyouza kwa moyo wote ni vile ambamo mtu anasimulia maisha yake kwa vichekesho, hasa maisha ya shule na ya safari. Tatizo ni kwamba havijitangazi. Kitabu teule kinajiuza chenyewe kwa sababu mtihani unakidai, lakini kitabu cha mtu anayesimulia jinsi alivyofika bwenini bila godoro kinahitaji shahidi. Ndiyo maana nikaanza kuwapa wateja vijikadi. Mtu akimaliza kusoma, ananiandikia sifa mbili tatu, nami naichomeka kadi ndani ya nakala nyingine ya kitabu hichohicho. Kadi nzuri inauza kitabu kabla sijafungua mdomo. Kadi mbaya inakaa pale mpaka wino unafifia.

Nimesoma kadi nyingi sana, na nimeona ile nzuri huandikwa vipi. Haya yatakufaa ukiandika kwenye kadi, kwenye kundi la wasomaji la WhatsApp au kwa mwandishi mwenyewe.

Anza wakati bado unasoma. Kicheko husahaulika haraka: asubuhi ulicheka hadi machozi, jioni unachokumbuka ni kwamba ulicheka, basi. Kama kitabu ni chako, tia alama ndogo ya penseli ukingoni. Kama ni cha maktaba, chomeka kipande cha karatasi au tikiti ya basi, usikunje ukurasa. Weka pia akilini ulikuwa wapi na nani alikuwa karibu, kwa sababu hilo nalo litaingia kwenye sifa zako. Tazama muuguzi mmoja alivyoniandikia:

"Nilikisoma kwenye matatu nikienda kazini Luanda. Nilipofika pale mwalimu wa zamu anapofungua masanduku ya fomu wani, nilicheka hadi makanga akanigeukia. Nami nilisoma shule ya bweni. Lile sanduku la tatu lilikuwa langu kabisa."

Naipenda kadi hii kupita kiasi. Kuna mahali, kuna tukio moja, kuna msomaji mwenyewe na sababu yake ya kucheka. Halafu inanyamaza. Muuguzi hakusema sanduku la tatu lilikuwa na nini, na kila anayesoma kadi ananiuliza. Hilo huwa nalijibu kwa kumwekea kitabu mkononi.

Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanausimulia mzaha wote mpaka mwisho, na mzaha uliosimuliwa kwenye kadi hauchekeshi mara ya pili kitabuni. Mwandishi alihangaika kupanga kurasa tatu ili sentensi moja ikuangushe. Wewe ukiitoa sentensi ile peke yake, umemnyang'anya kazi yake na umemnyima msomaji zamu yake. Eleza mandhari, mfikishe msomaji mlangoni, kisha umwachie.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea kadi iliyosema: "Kitabu hiki ni kizuri mno. Kinaburudisha na kuelimisha jamii." Nikamwambia akae kwenye benchi.

"Ulicheka wapi, mwanangu?"

"Mahali pengi, mama."

"Nionyeshe mahali pamoja tu."

Akapekua kurasa. "Hapa. Huyu msafiri analala kwenye basi, anaamka anakuta watu wote walishashuka na basi liko gereji."

"Na kwa nini ulicheka?"

"Kwa sababu hata haulizi yuko wapi. Anamuuliza fundi kama kuna chai."

"Sasa andika hayo, lakini hiyo chai muachie atakayenunua."

Akafikiri kidogo, akaandika: "Msafiri wetu anaamkia ndani ya basi lililoegeshwa gereji, na swali lake la kwanza kwa fundi si lile ambalo mimi na wewe tungeuliza." Kadi hiyo bado iko kwenye rafu. Kijana hakukosa kipaji hata kidogo. Alikuwa ameshika maneno ya insha, kinaburudisha, kinaelimisha, kinaonya, ambayo yanafaa kwenye karatasi ya mtihani lakini yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Ukimaliza kuandika, jiulize: je, sentensi hii ingefaa kitabu kingine? Ikifaa, ifute uandike nyingine.

Swali la "kwa nini nilicheka" ndilo zito, na nakusihi ulipe muda. Katika vitabu vya shule, mara nyingi tunacheka kwa sababu mtoto analichukulia kwa uzito mkubwa jambo ambalo mkubwa hata halioni: zamu ya kuchota maji, kipande cha sabuni kilichofungiwa sandukuni, siku ya kutembelewa ambapo kila mtu anachungulia getini. Wakati mwingine ni kwa sababu sheria za shule hazikuwa na maana yoyote na kila mtu alizifuata. Taja lipi lilikushika. Ukiandika "mwandishi anakumbuka njaa ya saa nne asubuhi jinsi mtoto anavyoihisi", umesema jambo kuhusu ufundi wake, na yeye akilisoma atajua umemsoma kweli.

Kuna suala la viboko ambalo haliepukiki. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na waliosoma kabla ya hapo wakisimulia shule, fimbo haikosi. Wazee hucheka sana kwenye kurasa hizo. Vijana wengine hawacheki kabisa, na wana haki yao. Kwa hiyo ukisifu kitabu cha aina hiyo, sema kicheko kinamwelekea nani. Kama mwandishi anachekesha kwa ujanja wa wavulana waliovaa suruali mbili mbili kabla ya kuitwa ofisini, liseme hilo. Kama kuna ukurasa ambapo kicheko kilikukwama kooni, uandike pia. Mimi huviamini zaidi vitabu ambavyo mwandishi anaweza kucheka na bado ukaona kwamba mtoto yule aliumia, na kadi inayogundua hilo naiweka mbele.

Taja pia enzi, hata kwa nusu sentensi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa 2023. Mtoto aliye kwenye mtaala mpya hawezi kujua ilikuwaje kukariri namba yako ya mtihani hadi usingizini. Ukimwambia "hiki ni cha watu wa KCPE, lakini ule woga utauelewa", umemfungulia njia.

Vitabu vya safari vina raha yake nyingine. Msafiri ni mgeni, na mgeni huona yale ambayo wenyeji wameshazoea. Sifa nzuri ya kitabu cha safari hutaja kitu kimoja alichokiona ambacho wewe hukukiona ingawa ulipita njia hiyohiyo. Watu wengine hudhani masimulizi ya safari ni ya Wazungu waliokuja kwetu. Nao nawatajia Salim bin Abakari, Mswahili aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na kusimulia safari hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa 1901 katika mkusanyo wa Mjerumani Carl Velten. Hapo ni sisi tunaotazama na wao wanaotazamwa. Kazi hiyo tunayo tangu zamani.

Na kwa kuwa haya ni maisha ya kweli, msomaji ana nafasi ambayo hana kwenye riwaya: anaweza kutoa ushahidi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na vizazi vya watu vimepanda treni ya usiku kwenda Nairobi. Baadaye treni ya abiria ikasimama kwa miaka kadhaa, hadi Desemba 2021 iliporudi. Basi kijana akisoma mtu anasimulia usiku ndani ya behewa, kuku wa jirani akilia chini ya kiti, anaweza kudhani ni chumvi tu. Mzee mmoja aliandika kwenye kadi: "Mimi nilikuwemo kwenye treni kama hiyo. Hajaongeza kitu." Sentensi mbili tu, na hakuna profesa angeweza kukisifu kitabu kuliko hapo. Ila shuhudia ulichokiona mwenyewe. Kama hukusoma shule ya bweni, usiseme "ndivyo ilivyokuwa". Sema uliamini, na useme ni nini kilichokufanya uamini.

Jihadhari na sifa ya "ni wa kwetu". Mwandishi Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971, na kumbukumbu zake zilizotoka 2011 zinasimulia utoto wa Nakuru, shule, na miaka ya Afrika Kusini. Wateja wanaotoka huko wakimwona tu wanaandika "Nakuru juu!" na kuishia hapo. Furaha hiyo naielewa, hata mimi nikiona Kisumu kwenye ukurasa moyo unaruka. Lakini mtu wa Kakamega au Tanga atafanya nini na "Nakuru juu"? Mpe kitu anachoweza kushika: ni sentensi gani iliyokurudisha kwenye mtaa wako, na ni harufu gani au sauti gani mwandishi aliinasa. Ukifanya hivyo, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nakuru atakitaka kitabu.

Usiogope kutaja dosari moja. "Sura za mwanzo zinajikokota, vumilia mpaka afike bwenini" ni sifa nzuri kweli, kwa sababu inamsaidia msomaji na inaonyesha hukulipwa. Ila dosari iwe moja, na iwe ya kitabu. Usimguse mwandishi na familia yake.

Ukitaka kumwandikia mwandishi mwenyewe, andika kupitia kwa mchapishaji. Anwani huwa kwenye ukurasa wa hakimiliki, mwanzoni mwa kitabu. Barua iwe fupi, nusu ukurasa yatosha. Mtaje ukurasa, mwambie ulikuwa wapi ulipousoma, na nani mwingine ulimsomea. Jambo la mwisho hilo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa mtu anayeandika vichekesho, kwa sababu kicheko ni kitu cha kushirikiana, na mwandishi alikuwa peke yake mezani alipokitunga. Ukimwambia "nilimsomea mama yangu jikoni akaniambia nirudie", umempa kitu ambacho mauzo hayawezi kumpa. Baada ya hapo usiombe chochote. Usiombe nakala ya bure, usiombe akusomee mswada wako, usiombe kazi. Hayo yana barua yake, siku nyingine. Sifa iliyofungiwa ombi ndani yake inasomeka kama ombi.

Na kama unahisi mhusika fulani kwenye kitabu ni mtu unayemjua, mwalimu wenu au mwanafunzi mwenzenu, usimtaje jina hadharani. Mwandishi alipombadilisha jina alikuwa na sababu zake, na yule mtu ana watoto na majirani.

Andika kwa lugha uliyochekea. Vitabu vingi vya aina hii hapa kwetu ni vya Kiingereza, lakini nina kadi za Kiswahili, za Kijaluo na za Kiluhya juu ya vitabu hivyohivyo, na wanaozisoma wanaelewana vizuri kabisa.

Kisha ujisomee kwa sauti. Ukiona aibu kuitamka sentensi mbele ya rafiki yako, imezidi. Punguza "mno", punguza "sana", ondoa alama za mshangao zote ubakishe moja ukishindwa kabisa. Kama rafiki yako akisikia akauliza "halafu ikawaje?", usiguse neno lingine.

Kwenye kadi zangu chini naomba vitu vitatu: jina moja tu, mahali unapotoka, na mwezi uliposoma. Andika kwa kalamu ya wino mweusi, wa buluu haumalizi msimu wa jua hapa Kisumu. Kadi ziko kwenye kopo mlangoni, na ukikosa penseli ya kutia alama ukiwa safarini, chukua moja hapohapo.